Wasomaji wa Kuazima

Leo nimepata aibu ya kutosha ukoo mzima, na nimeibeba peke yangu.

Ninaandika nikiwa nimejifungia ndani, mlango nimeuegemezea kiti. Nawaambieni nyinyi marafiki zangu kabla hamjaisikia kwa watu wengine, maana hapa Kashebere habari inatembea kuliko pikipiki, na kila inapopita inaongezwa chumvi. Yangu haihitaji chumvi.

Kwa wale mliohama zamani: mimi bado ni mwalimu, na ndiye ninayeangalia maktaba ya kijiji. Nikisema maktaba msifikirie jumba. Ni chumba kimoja nyuma ya shule, kina kabati moja na vitabu ambavyo vingi vimepoteza kurasa za mwisho. Wanafunzi wangu wanajua hadithi nyingi zinavyoanza. Zinavyoisha, kila mtu na yake.

Sasa, shirika moja la maktaba lilituletea kisanduku cheupe, kidogo tu, ukubwa wa mche wa sabuni. Kinakaa juu ya kabati na kinakula umeme wa paneli ya jua iliyo juu ya bati. Ndani yake mna vitabu ambavyo kabati langu haliwezi hata kuviota. Unakikaribia na simu ya kugusa, unawasha wifi, vitabu vinaingia kwenye simu. Hununui mega, hupandi mlimani kutafuta intaneti. Vingine unavisoma mwenyewe, vingine vinasomwa kwa sauti, wewe unasikiliza huku unachambua maharagwe.

Nilidhani watu watakanyagana mlangoni. Hakukanyagwa mtu. Alikuja mwanaume mmoja, akauliza kama kisanduku kinashika mechi, nikamwambia hapana, akaniangalia kwa huruma na kuondoka.

Nikaanza kuzunguka nyumba kwa nyumba kuuliza kwa nini hawaji. (Nilijiona mtafiti kabisa, na kalamu sikioni.) Papa Bauma, katekista wetu, akaniambia bila kupepesa macho:

"Mwalimu, simu yangu iko na kazi ya tochi. Nikiimalizia mu vitabu mchana, usiku nitaangukia mu shimo, na wewe utakuya kusema rambirambi."

Mwingine akasema kisanduku kinachoweza kuingiza vitu kwenye simu yake kinaweza pia kuvitoa, na yeye ana picha za ng'ombe wake mle ndani. Na Mama Nyota, jirani yangu anayeuza maharagwe sokoni, akanipa sababu iliyonifanya nikae chini.

"Dada, nikishika kitabu ya karatasi, bwana yangu anaona kitabu. Nikishika simu, nikainama, nikacheka, yeye haone kitabu. Anaona mwanaume."

Nikasema moyoni, hivi ni visingizio tu. Watu hawapendi kusoma. Na kila shirika liliponiuliza maendeleo kwa ujumbe, sikuwa na moyo wa kujibu kwamba hakuna mtu. Nilijibu: "Wasomaji ni wengi mpaka tunapanga zamu." (Zamu yenyewe ilikuwa mimi asubuhi na mimi jioni.)

Basi, leo asubuhi nikiwa naosha vyombo, ujumbe ukaingia. Umetoka kwa Papa Déo, msimamizi wa visanduku vyote vya upande wetu. Sijawahi kumuona kwa macho, tunaandikiana tu.

"Mwalimu, niko njiani natoka Walikale. Leo nataka kuona wasomaji na simu zao. Simu zikiwa chache, nabeba kisanduku na paneli, naendelea navyo Buleusa. Wao wamekwisha tengeneza chumba."

Sahani ilinitoka mkononi.

Niseme ukweli, uchungu wangu haukuwa Buleusa. Watu wa Buleusa, kijiji kingine cha upande wetu, ni ndugu zetu. (Sawa, robo ya uchungu ilikuwa Buleusa.) Uchungu ulikuwa wanafunzi wangu wa darasa la mwisho. Kwenye kabati nina kitabu kimoja tu cha kemia, na panya walianza kukisoma kabla yao. Kila kitu wanachojua cha mtihani kimetoka kwenye kile kisanduku. Lakini wao hawana simu. Wanasoma kwa kusukumana juu ya simu yangu moja, vichwa saba kwenye kioo kimoja, na Papa Déo alikwisha kuniambia zamani kwamba shirika linahesabu simu, halihesabu vichwa. Isitoshe leo hakuna shule. Wote wako shambani wanavuna maharagwe na wazazi wao.

Kisanduku kikiondoka, wale watoto wanaingia kwenye mtihani na kitabu cha panya. Hilo lilinikaa kooni. Na mtu akishakabwa kooni, akili inapita mahali pengine kabisa.

Leo ni siku ya soko.

Mnajua siku ya soko kwetu ilivyo. Mtu akishuka kutoka mlimani, kabla hata ya kushusha mzigo mgongoni, anapita kuacha simu ichajiwe. Na anaiacha wapi? Kwa kaka yangu Moïse, kwenye kibanda kilichopakana na maktaba, ambacho kinavuta umeme kutoka kwenye paneli hiyohiyo ya kisanduku. Siku ya soko rafu ya Moïse inajaa simu kutoka juu hadi chini, kila moja imefungiwa kipande cha katoni chenye namba. Na wengi wetu hatuweki namba ya siri, maana simu ni ya nyumba nzima.

Nikaenda kwa Moïse na beseni langu la kufulia.

"Kaka, unipatie simu zote za kugusa."

Moïse akaniangalia kama mtu anayetafuta dalili za malaria. "Zote? Dada, ile ni simu ya batu."

"Kwa saa moja tu. Zitakaa pale mu chumba, zitasoma, zitarudi."

"Zitasoma?"

"Papa Déo iko anakuya kubeba kisanduku. Kisanduku ikienda, panneau ya jua nayo inaenda. Hizi simu utazichaji na pumzi?"

Kaka yangu akapiga hesabu. Alitazama juu kwenye bati, akatazama rafu yake, akatazama watoto wake wanaokula kwa rafu hiyo.

"Leta beseni," akasema.

Tulizipanga taratibu, tukazifunika kwa kitenge. Ya mwisho kuingia ilikuwa simu kubwa, mpya, kioo kinang'aa, mpaka nikaona sura yangu ndani yake. (Sura ya mhalifu, lakini sikuitambua wakati ule.)

"Hii ni ya nani?"

"Ya musafiri mumoja, amefika na pikipiki sasa hivi. Alikuwa matope mpaka ku meno, hata sura sikuiona. Haiyapata courant mingi, betri bado iko chini."

Nikasema vizuri, simu kama hii inamfaa msomaji aliyeendelea.

Wasomaji niliwaokota sokoni. Mama Nyota alikubali kabla sijamaliza sentensi, kwa sababu anapenda mambo. Wamama watano wa kwaya walikuwa wametoka mazoezini na walinisikia nikitaja chai na mandazi. Papa Bauma ndiye aliyenisumbua.

"Mwalimu, mimi ni katekista. Siwezi kusema simu ya muntu ni yangu."

"Usiseme kitu, Papa. Uangalie simu na utikise kichwa."

"Kutikisa kichwa haiko uongo?"

"Hapana, Papa. Iko shingo tu."

Akaigeuza shingo yake kushoto na kulia, akakaa.

Nikawapanga kwenye mabenchi. Nikaunganisha simu moja baada ya nyingine kwenye kisanduku, kila moja nikaifungulia kitabu. Papa Bauma, kwa vile macho yake hayasomi herufi ndogo, nilimpa kitabu cha kusikiliza, nikakisimamisha mwanzoni ili kisitupigie kelele. Sikuangalia hata kinahusu nini. Mama Nyota nilimpa ile simu kubwa, nayo haikuwa na namba ya siri.

"Uiweke vile, Mama. Uko unaiangalia kwa mugongo."

"Ah. Nilisema hii kitabu iko nyeusi sana."

"Akiuliza, useme ni simu yako na unasoma kila siku."

"Dada, uniache. Mimi nauzaka maharagwe ya mwaka jana kama ya jana. Simu njo itanishinda?"

Papa Déo akaingia. Kumbe ni mtu mpole, mfupi, shati jeupe limenyooka, nywele bado zina maji. Akasema alipita kwanza kwa mchungaji kuoga na kubadilisha nguo, maana barabara ilimla. Nikasikia neno barabara, sikusikia kitu kingine. Nilikuwa naangalia uso wake.

Na uso wake jamani ulikuwa umefunguka. Mabenchi yamejaa, kila mtu ameinamia simu, kimya kabisa, vidole vinapanda na kushuka. Mama mmoja wa kwaya alikuwa anageuza kurasa kwa kulamba kidole kwanza, lakini kwa mbali ilipendeza.

"Mwalimu," akasema taratibu, "hii sijaiona hata Walikale."

Nilivimba. Nitasema nini, nilivimba mpaka vifungo vya blauzi vikalalamika.

Tukaomba Papa Bauma afungue kwa sala. Sala ya Papa Bauma siku zote ni ndefu, lakini leo ilikuwa na kipande kipya. Aliomba Mungu amsamehe kila mtu anayejua anachofanya, na pia yule asiyejua, na hasa, hasa, yule aliyewaalika wengine. Nilifungua jicho moja. Na yeye alikuwa amefungua lake, ananiangalia.

"Amina," nikasema kwa nguvu, kabla hajaongeza.

Papa Déo akazunguka kwenye mabenchi akipapasa mifuko ya shati. Kisha akacheka.

"Ningewapiga picha muzuri, lakini simu yangu niliiacha pale kwa yule kijana jirani. Ilizima njiani, iko inachaji."

Mimi nilicheka naye. Nikacheka, nikacheka, na katikati ya kicheko neno matope likanirudia. Matope mpaka kwenye meno. Barabara ilimla. Alipita kuoga.

Niligeuka polepole kumwangalia Mama Nyota. Alikuwa amekaa benchi la mbele kabisa, mgongo umenyooka, tabasamu kubwa, kidole chake kinasugua kile kioo kinachong'aa kama mtu anayefuta dirisha la mchungaji.

Nikajaribu kuokoa hali. Nikainama karibu naye.

"Mama Nyota, uje kidogo hapa nje."

"Hapana, Mwalimu," akajibu kwa sauti ya watu wote. "Niko mu sura ya tatu."

"Nitakupatia simu ingine."

"Ingine juu ya nini? Hii njo simu yangu. Bwana yangu alininunuliaka."

Nilikuwa nimemfundisha mwenyewe. Sikuwa na mtu wa kumlaumu, nikamlaumu Moïse.

Papa Déo alisikia, akavutiwa. Akavuta kiti, akakaa mbele yake, magoti karibu yagusane.

"Mama, ulisema sura ya tatu? Kitabu inahusu nini?"

Mama Nyota hakutikisika. "Inahusu muntu moja."

"Anafanya nini?"

"Anapata magumu. Lakini anavumilia."

"Kabisa," akasema Papa Déo, ameguswa. Kisha akaiangalia mikono ya Mama Nyota. "Na simu yako iko muzuri. Hata mimi niko na moja kama hii. Hata iko na hii alama hapa ku pembe..."

Simu ikaita.

Kwenye kioo ikatokea picha ya mwanamke amevaa kitenge cha sherehe, na juu yake maandishi makubwa ambayo mimi niliyasoma kutoka nilipokuwa nimesimama: MAMA WATOTO. Pembeni yake kwenye picha, amemshika bega, alikuwa Papa Déo.

Mtu mwingine angeitupa ile simu. Mama Nyota ni mfanyabiashara. Mtu akipiga, unapokea.

"Allô?" akasema, kwa ile sauti tamu ya kuuzia maharagwe.

Na hapa niwajulishe tu kwamba kile kidole chake cha kusugua kiliwasha spika kubwa, kwa hiyo anayepiga alisikika chumba kizima. Tulisikia wote.

"Allô. Wewe njo nani?"

"Miye njo Mama Nyota. Na wewe?"

"Miye nakuuliza wewe. Ile ni simu ya bwana yangu."

Mama Nyota akaniangalia. Nilimkonyeza akate. Nilikonyeza kwa macho yote mawili, kwa nyusi, kwa shingo. Yeye akaelewa kwamba nasema ashikilie.

"Hapana, Mama," akasema kwa upole. "Hii simu ni yangu. Bwana njo alinipatia."

Tulisikia hadi nyuki wa nje. Kisha ile sauti ikarudi, chini, taratibu.

"Bwana alikupatia."

"Ndiyo, Mama. Ananipenda sana."

Papa Déo alikuwa amesimama. Uso wake ulikuwa umepoteza rangi zote alizokuja nazo.

"Mama Furaha?" akamwita mkewe.

"Kumbe uko pale!" simu ikapasuka. "Uko pale pembeni yake!"

"Mama Furaha, niko ku kazi. Niko mu bibliothèque, mu maktaba."

"Mu bibliothèque na mwanamuke anasema unamupenda!"

"Huyu mama ni musomaji tu."

"Anasoma nini mu simu yako, Papa Furaha? Anasoma nini?"

Papa Déo akapapasa tena mfuko mtupu wa shati. Aliiangalia simu, akamwangalia Mama Nyota, halafu polepole sana akaniangalia mimi. Na wamama wote wa kwaya wakaniangalia mimi. Papa Bauma alikuwa ananiangalia tangu sala.

Ningeweza kukimbia. Niliutazama mlango. Mlangoni palikuwa pamejaa watu, maana simu nyingine mbili zilikuwa zimeita wakati huohuo, moja inaimba pambio, moja inawika kama jogoo, na wenyewe waliokuja kwa Moïse kuchukua simu zao walikuwa wamefuata sauti. Walisimama pale na vipande vya katoni mkononi. Nyuma yao Moïse alikuwa ananionyesha kwa ishara kwamba yeye hanijui.

Basi nikachukua simu mkononi mwa Mama Nyota. Nikasema, na kwa sababu nilidhani mtandao ni mbaya, nikasema kwa sauti ya kuitia ng'ombe:

"Mama Furaha, samahani. Miye njo mwalimu. Bwana yako hajafanya kitu. Simu yake ilikuwa inachaji, miye njo niliibeba bila ruhusa. Simu zote hapa nilizibeba bila ruhusa. Niliwapatia hawa wamama wajifanye wako wanasoma, juu bwana yako asibebe kisanduku. Hawajasoma kitu. Hata huyu mama hajasoma. Alikuwa ameshika simu kwa mugongo!"

"Lakini niliigeuza," akasema Mama Nyota, ameumia.

Hapo ndipo nilipokufa, marafiki. Kijiji kimesikia, wenye simu wamesikia, Papa Déo amesikia, na mwanamke nisiyemjua, kwenye mji nisioujua, amesikia mimi nikijishtaki kama niko mbele ya hakimu. Mama mmoja wa kwaya akaanza kucheka, akajaribu kukigeuza kikohozi, kikakataa.

Kisha Mama Furaha akasema:

"Sikubali."

"Mama?"

"Muntu anaiba simu juu ya kusoma kitabu? Niko na miaka mingi mu hii dunia, hiyo sijaisikia. Kama ni kweli bibliothèque, nisikie hicho kitabu. Sasa hivi."

Nikageuka kutafuta simu yenye kitabu. Papa Bauma akaniwahi, na anaapa hakukusudia. Alikuwa ameishika simu yake ya kuazima muda wote kwa vidole viwili, kama mtu aliyepewa kuku wa jirani, na kwa hofu kidole kikabonyeza. Sauti ya mwanamke, safi kabisa, ikajaza chumba:

"Namna ya kumtambua mbuzi mwenye mimba. Kwanza, angalia tumbo upande wa kulia."

Nilitamani ardhi ipasuke. Lakini chumba kilinyamaza. Mlangoni walinyamaza. Wale waliokuja kunidai simu zao waliingia hatua moja ndani.

"Pili," sauti ikaendelea, "mbuzi atapunguza kurukaruka na atapenda kulala mapema."

"Kama yangu," mzee mmoja akanong'ona.

"Shh," akasema Papa Bauma, yeye mwenyewe aliyekuwa na hofu ya dhambi. Alikuwa ameiinua ile simu juu kama taa ili wote wasikie.

Wakasikiliza. Nawaambia wakasikiliza. Mtu akakaa sakafuni, mwingine akakaa naye. Mama wa kwaya aliyekuwa anacheka akauliza kama ni upande wa kulia wa mbuzi au wa yule anayeangalia, wakabishana, wakaomba sauti irudishwe nyuma, nikairudisha. Bwana wa Mama Nyota naye alifika kumtafuta mkewe, akamkuta ameinama juu ya simu na katekista na mbuzi, akakuna kichwa, akatafuta nafasi kwenye benchi. Sikumuona mtu yeyote akiulizia tochi yake au picha za ng'ombe wake. Simu ilikuwa moja tu, na masikio yalikuwa chumba kizima.

Sauti ilipofika mahali pa kuzaa, nilikumbuka mkononi nimeshika ndoa ya mtu.

"Mama Furaha, uko?"

"Niko. Unyamaze, niko nasikiliza. Yangu inafanya ile ya kulala mapema tangu juma iliyopita. Papa Furaha iko pale?"

Papa Déo akasogea, amejikunyata. "Niko."

"Umeona batu wako wanasikiliza?"

"Nimeona."

"Basi hicho kisanduku usikibebe. Na ukirudi uniletee hicho kitabu. Na ya huyu Mama Nyota tutaongea."

Akakata.

Papa Déo akawahesabu watu kwa kidole. Halafu akaichukua simu yake mkononi mwangu, akaifuta kwa shati, akaitia mfukoni, akaufunga mfuko kwa kifungo.

"Mwalimu, ulinidanganya."

"Ndiyo, Papa."

"Kama ungeniandikia kwamba batu hawana simu lakini wana masikio, ningekuja zamani." Aliguna. "Kisanduku ibaki. Kila siku ya soko utawasikilizisha hapa inje, na simu moja, na iwe yako. Nitahesabu batu. Na wanafunzi nao nitawahesabu, kila kichwa."

Nilianza kulia. Si kwa aibu, aibu ilikuwa imekwisha kujaa na haikuwa na pa kumwagikia. Nililia kwa sababu ya wale watoto walioko shambani ambao hawajui jinsi walivyokaribia kubaki na kitabu cha panya. Papa Déo akanipigapiga begani, akadhani ni kwa ajili ya mbuzi.

Baadaye nilisimama mlangoni na beseni, nikarudisha simu moja moja, na kwa kila mmoja ilinibidi kuomba msamaha nikimtaja jina. Wengi walicheka. Mmoja alihesabu picha za ng'ombe wake zote mbele yangu. Mama Nyota anadai chai yake na mandazi, na anasema alifanya kazi kuliko wote. Moïse amekumbuka tena kwamba mimi ni dada yake.

Kwa hiyo, habari njema ni kwamba kisanduku hakihami Kashebere. Anayehama ni mimi. Mwenye chumba Buleusa aniandikie pembeni, na tafadhali asicheke kwanza.